Mwaka Festo Alipomtangaza Mama Yangu

Festo alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada yao, amevaa suti, mkononi boksi la keki ambayo anajua fika siili, maana North York nzima inajua nina sukari. Nikamkaribisha kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nimependa. Akaketi jikoni, akaniita Mama Neema, akaanza kusifia mapazia. Mapazia! Miaka yote hii tumekuwa tukikutana kwenye harusi na misiba ya Watanzania wa Toronto, yeye upande ule wa ukumbi, mimi upande huu, na salamu yetu ni ya kutikisa kichwa tu. Sasa jumuiya inataka kumpa ngao ya heshima kwa kazi yake ya utangazaji, na wazee wa kamati wamemwambia haipendezi apewe ngao wakati mwenzake aliyeanzisha naye kipindi haongei naye. Ndiyo maana amekuja. Anataka niseme yameisha. Neno moja hilo, halafu kila mtu ale biriani yake kwa amani. Binti yangu Neema alishanipigia kunishawishi, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni mambo ya zamani na yananiumiza mimi zaidi kuliko yeye. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba yananiumiza kweli, na ni yangu. Nikammiminia Festo chai, nikamwangalia anavyoipuliza, nikajisemea moyoni, huyu mtu hata hajui ninachomchukia ni kipi hasa.

Mwaka ule nilikuwa binti, nimepanga chumba cha chini ya ardhi kwa Mama Shirin, huko Thornhill. Mama Shirin alikuwa Mhindi wa Tabora, Shia Ithna'ashari, mtu wa kwenda kwenye kituo chao pale Bathurst bila kukosa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Alinipa chumba kwa sababu moja tu: nilipompigia simu kuuliza, alisikia lafudhi yangu akauliza, "Wewe wa Tabora wewe?" na hapo tukasahau kuzungumza habari ya kodi. Dari lilikuwa chini kiasi kwamba mtu mrefu angeinama, mabomba yanapita juu ya kitanda, na kwenye kona palikuwa na tundu la kupitishia joto lililoshuka moja kwa moja kutoka sebuleni kwake. Kupitia tundu lile nilisikia kila kitu. Alhamisi wanawake wenzake walikuja kunywa chai, wakachanganya Kikachi, lugha ya kwao, na Kiswahili na Kiingereza, nami nimelala chali nasikiliza nani anaozesha mtoto, nani amefilisika. Siku moja nikasikia mmoja anauliza, "Huyu binti wa chini anasoma nini?" Mama Shirin akajibu, "Anasoma magazeti ya Wamarekani." "Magazeti nayo mpaka uende chuo?" Wakacheka wee, na mimi huko chini nikacheka nao. Baadaye Mama Shirin angeniita nipande nile, kuku wa nazi na wali, au mihogo ya kukaanga yenye pilipili, na angenisimamia mpaka sahani ikauke. Sijawahi kuwa na njaa ndani ya nyumba ile.

Somo lenyewe kweli lilihusu magazeti ya Wamarekani. Lilifundishwa jioni katika chuo kimoja cha North York, kwenye chumba kinachonuka makoti yaliyolowa theluji, na mwalimu wetu alikuwa Mmarekani mzee aitwaye Garrity, aliyefanya kazi kwenye vyumba vya habari vya kwao mpaka mapafu yakamkatalia sigara. Historia ya uandishi wa habari na vyombo vya habari vya Marekani. Alitufundisha jinsi magazeti ya kwanza yalivyokuwa mali ya vyama vya siasa na matajiri, kisha likaja gazeti la senti moja, watoto wanalinadi mitaani, na ghafla hata mpishi na mbeba mizigo wakawa wasomaji. Alitufundisha jinsi waya wa simu za maandishi ulivyobadili hata sentensi: waya unaweza kukatika wakati wowote, hivyo jambo kubwa litangulie, madogo yafuate. Piramidi iliyopinduliwa, aliiita, akaichora ubaoni. Alitusimulia matajiri wawili wa magazeti wa New York walivyogombania wasomaji kwa vichwa vya habari vya kutisha na kuchochea vita vya Cuba, halafu redio ikaingia sebuleni, halafu televisheni ikaifukuza redio jikoni. Mzee yule alikuwa mkali, mchafu wa mdomo, na alijua kusimulia. Mimi nililipenda somo lile, nisidanganye. Lakini Festo, niliyesoma naye darasa lile, alilipenda vibaya. Alikaa mbele, anaandika mpaka kikohozi cha mwalimu. Tukitoka darasani kungoja basi kwenye baridi, ananiambia, "Dada Tausi, umeona? Siri ni kuwahi. Anayewahi ndiye gazeti. Wengine wote ni karatasi za kufungia nyama."

Mimi na yeye tulikuwa na kipindi cha Kiswahili, saa moja kila Jumamosi mchana, kwenye redio ndogo ya jamii iliyokuwa juu ya ghala la samani huko Downsview. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa mazulia ukutani kuzuia mwangwi, na bado sauti za magari ya kunyanyulia mizigo zilipenya. Festo alisoma habari, mimi nilisoma salamu na matangazo ya vifo. Watu wa kwetu walikuwa wakipiga simu kutoka kila pembe ya mji kuleta vifo, maana ukifiwa ugenini jambo la kwanza unalotaka ni watu wako wajue. Na niliyasoma kama yanavyosomwa nyumbani. Kwanza muziki wa taratibu. Kisha, "Ndugu fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza..." Kisha kifo. Kisha, "Habari ziwafikie..." na majina ya ndugu na jamaa, moja moja, bila haraka. Tena tangazo halisomwi mpaka mfiwa mwenyewe alilete au amtume mtu. Festo alikuwa akinung'unika. Ananiambia naweka kifo mbali, mambo ya kizamani, kichwa cha habari ni marehemu, mtangulize marehemu. Nikamwambia, kaka, ule muziki na lile neno anasikitika vipo ili aliye karibu na redio akae chini, na aliye karibu naye amshike. Akacheka. Akasema Garrity angenipa sifuri.

Ilikuwa Jumamosi ambayo sikwenda studio kwa sababu nilipewa zamu kwenye kiwanda cha mikate, hapohapo Downsview, tulikokuwa tunapakia mikate kwenye mifuko. Nilipokwisha kuondoka nyumbani, simu ilipigwa Thornhill kutoka Tabora. Mama yangu alikuwa amefariki. Ndugu zangu hawakuniambia mimi, walimwambia Mama Shirin, na walifanya sawasawa, ndivyo tunavyofanya. Mtu hapigiwi simu akaambiwa kavukavu mama yako amekufa. Anatafutwa mtu mzima, mtu mzima anawakusanya wengine, mfiwa anaitwa kwa sababu nyingine, anakalishwa, anapewa maji, anaambiwa hali si nzuri, na kidogokidogo anafikishwa. Mama Shirin akafanya yote. Akawaita wanawake wenzake wa Alhamisi, akatandika mikeka, akaweka chungu jikoni. Halafu akawaza, huyu mtoto nisimwache apande basi peke yake. Gari lake halikuwa na mtu wa kuliendesha siku ile, mumewe alikuwa safarini. Akampigia Festo studio, maana Festo alikuwa na kigari chake. Akamwomba, kipindi kikiisha, amchukue Tausi kazini amlete nyumbani, asimwambie kitu, aseme tu Mama Shirin anakuita. Na Festo akamuuliza, kwa sauti yake ile ya upole, jina kamili la marehemu ni nani, alikuwa akiishi mtaa gani, ameugua nini, atazikwa lini. Mama Shirin aliniambia baadaye, akilia, kwamba alidhani kijana anauliza ili ajue namna ya kunipa pole. Kumbe anakusanya habari.

Kiwandani tulikuwa na redio moja juu ya rafu, na Jumamosi wenzangu walikubali tufungue Kiswahili, kwani tulikuwa Wakenya, Wakongo na mimi. Nilikuwa nafunga mifuko, nimesimama karibu na Wanjiru, Mkenya mmoja mcheshi sana, ananisimulia habari za mwenye nyumba wake. Kipindi kikaanza. Hapakuwa na muziki. Festo akasema, "Habari tuliyoipokea hivi punde. Bi Mwajuma binti Ramadhani wa Tabora, mama mzazi wa mtangazaji wenu Tausi, amefariki dunia." Nikasikia jina la mama yangu kabla sijajua kwamba ninasikiliza. Wanjiru alipiga kelele, "Aki zima! Zima hiyo kitu!" na mtu akaruka kuizima, lakini ilikuwa imeshasema. Yote ilikuwa imesema, alivyougua na atakapozikwa. Sikukaa chini. Hakuna aliyekuwa amejiandaa kunishika, nilianguka nikaupiga uso kwenye ukingo wa meza ya mikate, na kovu lake ndilo hili hapa chini ya kidevu ambalo Neema alipokuwa mdogo alipenda kulishika. Wanjiru akaninyanyua. Msimamizi, Mzungu, akauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa Kiingereza kwamba huyu ameambiwa na redio.

Sasa sikiliza ninachokichukia. Kipindi kilipokwisha, Festo akaja. Alikuja kweli kunichukua, kama alivyoagizwa! Akaingia mlango wa kiwanda, uso umejaa huzuni ya kutengeneza, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake, naapa, lilikuwa, "Pole sana dada. Umeisikia?" Umeisikia! Kama vile nimekosa au nimepata wimbo nilioomba. Nilipanda gari lake kwa sababu Thornhill ni mbali na Wanjiru hakuwa na gari, na njia nzima alikuwa akinieleza simu zilivyomiminika studio, watu wa Scarborough, watu wa Brampton, wote wanaleta rambirambi. Nilishikilia kitambaa kwenye kidevu, nikatazama magari. Tulipofika, Mama Shirin alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga ushungi mweusi, na nyuma yake naona wanawake wameketi kwenye mikeka, na harufu ya pilau imejaa nyumba. Redio yetu hawakuifungua, wangeifunguaje siku kama ile. Akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mwanangu, njoo, ingia, kaa kwanza hapa na mimi. Nani kakuumiza kidevu? Kaa. Tumepigiwa simu na Tabora. Mama anaumwa kidogo." Na mimi nilimwacha. Nilikaa. Nilitaka aendelee, nilitaka aniambie kidogokidogo vile alivyopanga, nianze kufiwa upya kama mtu mwenye watu. Alikuwa amefikia, "Sasa mwanangu, hali yake kwa kweli..." na Festo, ambaye hakuna aliyemwambia aingie, akasema kutoka mlangoni, "Ameshajua, mama. Nimeshatangaza."

Hilo ndilo. Watu wa jumuiya wanadhani nina kinyongo na tangazo. Kutangaza ni ujinga wa ujana, ningeweza kuumeza. Lakini alimnyang'anya Mama Shirin ile kazi mikononi, mbele ya macho yangu, na akaniondoa kwenye mapaja ya mtu pekee aliyekuwa mama yangu katika nchi hii. Mama Shirin aliniachia mikono, amefedheheka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Yaa Ali, kijana, una moyo wewe?" Na pilau ikapakuliwa, tukala, kwa sababu chakula cha msiba hakiachwi.

Nilirudi chuoni baada ya msiba, na huko nako ikawa balaa. Garrity alikuwa ametoa zoezi: kila mwanafunzi alete kanda ya habari aliyoiandaa mwenyewe kwa lugha yake, na tafsiri yake kwa Kiingereza. Bwana wee, Festo alileta ile. Mwenyewe, bila aibu, na mimi nimeketi nyuma yake! Mzee akaweka kanda, tukaisikia sauti inamtaja mama yangu, na akasifu: sauti imara, jambo kubwa limetangulia, hakuna neno la ziada. Kisha akaisoma tafsiri. Akaniangalia. "Huyu Tausi ni wewe?" Nikasema ni mimi. "Ulikuwa umeshaambiwa?" Nikasema hapana, hapo ndipo nilipoambiwa. Mzee akaitoa kanda kwenye mashine, akaishika kama kitu kilichooza. Mimi siku zote zile nilikuwa naulaumu Umarekani wake, waya wake na piramidi yake, nikidhani ndiko Festo alikojifunza ukatili. Lakini Garrity akamgeukia Festo akamwambia kwamba wale waandishi wa kwao, walevi, waongo, watu wa kukanyagana ngazini kuwahi simu, hata wao wana mwiko: jina la marehemu halitajwi mpaka wa nyumbani ajue. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kuizuia habari ya ukurasa wa mbele, mitambo inangoja, kwa sababu mke wa marehemu alikuwa bado yuko sokoni. "Tulilisoma hilo hapa. Ulikuwepo?" Festo akasema, "Nilikuwepo." "Basi?" Festo akasema wasikilizaji walikuwa na haki ya kujua. "Kumzidi yeye?" Na alama nzuri alipewa vilevile, kwa ajili ya sauti. Alipewa! Garrity naye sijamsamehe kwa hilo.

Baada ya pale wazee wetu wakatuita tukayamalize. Walikaa kwenye sebule ya mmoja wao, wakala karanga, wakaniambia mimi ndiye niwe mkubwa, kijana ameteleza, tusiaibishane ugenini. Festo alisema, "Kama nimemkosea, anisamehe." Kama! Nikanyanyuka nikachukua koti langu. Sikurudi studio tena. Yeye aliendelea, akachukuliwa na redio kubwa, kisha televisheni, na sauti ile imemlisha vizuri. Mimi niliyekuwa na sauti nzuri kuliko yake, na kila mtu alijua hivyo, nilifanya kazi ya ofisi ya shule mpaka nilipostaafu, na maikrofoni sijaishika hata kwenye harusi ya mwanangu. Siku hizi kila mtu ni Festo. Mtu hajafungwa macho vizuri hospitali, picha yake na mishumaa imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwanawe yuko kazini Mississauga anaiona kwenye simu wakati wa chai. Wote wanawahi. Sijui wanawahi wapi.

Haya yote niliyapitia kichwani wakati Festo anapuliza chai yake. Kisha akaiweka chini, akaacha ile sauti ya studio, akaongea kama mzee. Akasema, "Tausi." Hajaniita hivyo tangu ujana. "Nilikukosea. Nilimkosea na yule mama, Mungu amrehemu. Nilijua mwiko ule. Nilijua kabisa, nikatangaza, kwa sababu nilitaka simu zipigwe. Nimezeeka, na juzi nilimzika dada yangu, na nilipoambiwa walinikalisha chini. Nisamehe." Safari hii hakusema "kama". Nikamtazama machozi yakimtoka, mtu mzima, na kitu kilichokuwa kimeniganda kifuani miaka yote kikaanza kulegea. Loo, nilichoka kumchukia mimi. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure nikanyanyua chupa ya chai nimwongezee kwanza.

Nyuma ya chupa simu yake ilikuwa imesimamishwa, ikaanguka, kioo juu. Nikaona uso wangu mwenyewe, na doa jekundu, na sekunde zinakimbia.

"Unarekodi?"

"Mama Neema, usinielewe vibaya. Vijana wananitengenezea video ya sherehe. Nikaona kama tukipatana, watu waone. Itawagusa."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, usingesema kwa moyo."

Nikaiokota ile simu. Ilikuwa bado inarekodi, hakujaribu hata kuizima, anangoja tu kuona itakuwaje. Nikaisogeza karibu na mdomo, nikasema kwa ile sauti yangu ya zamani, polepole, kila herufi mahali pake:

"Mimi ni Tausi. Hayajaisha."

Nikamrudishia mkononi.

"Haya, katangaze. Hiyo nimekuruhusu."